Kikombe Nilichomwaga Bungoma

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu nikiwa mtu aliyefungiwa kucheza mpira maisha yake yote kwa kosa la kuwa mzima. Wachezaji wenzangu walikunywa kitu wasichokijua, wakacheza wameshika matumbo, tukafungwa. Mimi peke yangu sikunywa. Na mimi ndiye niliyepigwa. Mimi ndiye niliyechomewa nyumba. Mimi ndiye niliyefukuzwa kwenye ligi! Nivumilieni niwaeleze kwa utaratibu, kwa sababu jambo hili limesimuliwa vibaya katika mji huu, sokoni na hata humu kanisani.

Jina langu ni Wafula. Kwa wasionijua, nilikuwa kipa wa timu ya wafanyabiashara wa mahindi hapa Kitale. Tulikuwa wachezaji wa kulipwa, ingawa mshahara wetu ulikuwa kama mvua ya Januari. Nilikaa mtaa wa Kipsongo na mke wangu Nekesa, huyu hapa aliyempakata mtoto, katika nyumba ya mbao na karatasi za nailoni. Mchana nilibeba magunia ghalani, jioni nilidaka mipira. Sikulalamika. Mtu akiniita kipa njiani, nilitembea siku nzima nimeshiba.

Mwenyekiti wa timu yetu sitamtaja jina. Mnamjua. Ni yule anayenunua mahindi kutoka mashamba ya kule Kwanza, mwenye kofia ya majani na sauti ya upole. Yeye ndiye aliyetununulia jezi. Mtu akifiwa, yeye ndiye aliyetuma lori. Nilimheshimu kama baba yangu mzazi. Naomba mliweke hilo akilini, kwa sababu ndipo hasira yangu inapoanzia.

Ndugu zangu, katika mpira wa kwetu kuna mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyasema. Timu haipiti langoni siku ya mechi kubwa. Inaruka ua, kwa sababu wapinzani wameweka vitu langoni. Kabla ya kuruka, mnapewa dawa. Ilitoka kwa mganga mmoja wa Malakisi, ikaletwa kwa mtungi wa plastiki wa manjano, na tuliinywa kwa kikombe kimoja. Nahodha alianza, kipa alimaliza. Ukishakunywa husemi neno mpaka filimbi ilie. Mimi niliyakuta hayo, nikayafuata. Na msinitazame hivyo! Wengi wetu tulikuwa watu wa kanisa. Jumamosi tuliruka ua, Jumapili tuliimba kwaya.

Nahodha wetu alikuwa Simiyu. Mimi na Simiyu tulipashwa tohara msimu mmoja, na kwetu Wabukusu mtu kama huyo humwiti kwa jina, unamwita bakoki. Bakoki ni zaidi ya ndugu. Ndugu unazaliwa naye tu, lakini bakoki umesimama naye mbele ya kisu.

Jambo la pili ambalo kila mtu alilijua ni kamari. Upande wa mikaratusi, mbali na jukwaa, pickup ziliegeshwa. Wenye pickup walikuwa watu wa Kitale na watu wa Bungoma, na kwetu wao ndio pekee waliokuwa na simu za mkononi. Hawakushangilia. Mtu anayependa mpira anapiga kelele hata timu yake ikifungwa. Wale walitazama mchezo kama mtu anavyotazama maziwa yakichemka. Dau lao lilishikwa na Barasa, fundi viatu, ambaye alisifika kwa jambo moja: hakuwahi kumdhulumu mtu. Niliwaona kila wiki kutoka golini. Kipa ana muda mwingi wa kutazama.

Niliona pia kitu kingine, na sikukielewa. Mechi ndogo tulikunywa dawa, tukakimbia kama swala, tukashinda. Mechi kubwa tulikunywa dawa hiyo hiyo, tukaongoza mpaka mapumziko, kisha tukavunjika kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Ndipo watu waliposema, "Wametuzidi uchawi." Mwenyekiti alitikisa kichwa, akaahidi kutafuta dawa kali zaidi. Sisi tukampigia makofi!

Basi ikaja mechi ya Bungoma. Tungeshinda, timu ingepanda daraja na kucheza na timu za Nairobi na Mombasa. Kwangu mimi kupanda kulikuwa na maana moja. Mwenyekiti alikuwa ameahidi kwamba tukipanda, kila mchezaji atapewa chumba cha mawe katika nyumba zake za kupangisha. Nekesa alikuwa na mimba. Nilimwambia mtoto huyu hatalala chini ya nailoni.

Wiki hiyo tumbo langu lilikuwa limeniuma vibaya. Daktari wa hospitali alisema ni vidonda, akanikataza vitu vikali na vichungu. Kwa hiyo siku ya mechi, nyuma ya ua wa uwanja, kikombe kiliponifikia wa mwisho, niliinama kama mtu anayefunga njumu, nikakimwaga kwenye nyasi. Ndugu zangu, sitaki sifa nisizostahili. Sikukimwaga kwa sababu ya wokovu. Nilikimwaga kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Mungu ana njia zake!

Simiyu aliniona. Akavunja mwiko wa kunyamaza, akaninong'oneza.

"Bakoki, umemwaga?"

"Ni tumbo, bana. Daktari amekataa."

"Ati daktari! Kwani sisi hatuna matumbo? Sawa. Ukifungwa leo usiniambie ni tumbo."

Tulicheza. Kipindi cha kwanza tuliwakimbiza watu wa Bungoma mpaka mashabiki wao wakaanza kuwazomea. Tukapata goli. Mapumziko tulikaa chini tukila machungwa, nikamwona dereva wa Mwenyekiti akitembea kuelekea zilikoegeshwa pickup, maana zilitufuata hata Bungoma. Nikadhani anaenda haja.

Kipindi cha pili kilianza, na wenzangu wakaanza kugeuka kuwa wazee mbele ya macho yangu. Beki wangu wa kulia alisimama ameinama, mikono magotini, mpira ukampita kama hauoni. Mwingine alikimbilia nyuma ya goli langu, akachuchumaa, na mashabiki wa Bungoma wakaangua kicheko. "Mwacheni kijana apande mboga!" wakapiga kelele. Simiyu alikuwa na jasho la baridi, midomo imekuwa kama majivu. Nilidaka. Nilipiga ngumi. Nilidaka hata penalti! Lakini mtu mmoja hawezi kuwa ukuta wa pande zote. Walitufunga, wakatufunga tena, na tena.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Simiyu aliketi katikati ya uwanja na kusema maneno manne tu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Kipa alimwaga dawa yetu!"

Hapo tazameni, ndugu zangu, akili yetu sisi ilivyo. Wote waliokunywa ni wagonjwa. Asiyekunywa ni mzima. Mtoto wa nasari angeelewa. Lakini hakuna aliyeuliza ndani ya kikombe kulikuwa na nini. Waliuliza ni nani aliyekiharibu! Timu ikipoteza, tunatafuta mchawi. Hatumtafuti aliyelipwa. Na aliyelipwa anajua hivyo, ndiyo maana analala vizuri.

Mashabiki wetu walianza kunipiga tukiwa bado Bungoma, wakaendelea ndani ya lori tukirudi. Mashabiki walipochoka, Simiyu alisimama. Alikuwa amevaa njumu bado. Alikanyaga kifundo cha mkono wangu wa kulia na kugeuza kisigino, kama mtu anayezima sigara. Nilisema, "Bakoki." Basi.

Tulipofika Kitale jua lilikuwa halijazama. Habari ilikuwa imetutangulia kwa zile simu za wenye pickup, na mashabiki waliobaki mjini walikuwa wameshafika kwangu na mawe na moto. Nailoni ikiwaka haichukui muda, ndugu zangu. Nyumba yangu ilikuwa imekwisha kabla sijashuka kwenye lori. Nekesa angekuwemo kama si jirani yetu, Mama Zuhura, anayekaanga mandazi karibu na msikiti. Alimvuta ndani kwake, akasimama mlangoni na mwiko wa kukaangia, unadondosha mafuta moto.

"Huyu ni mwanangu," akawaambia. "Anayemtaka aanze na mimi. Njooni basi, wanaume wa kupiga wenye mimba! Nani wa kwanza? Wewe Otieno, si unaniamkia kwa heshima kila asubuhi unapokuja kukopa mandazi? Njoo!"

Wakarudi nyuma mmoja mmoja. Ndugu zangu, mimi nasema wazi ndani ya kanisa hili: siku ile waliobeba mawe walikuwa Wakristo, na aliyesimama mlangoni alikuwa Mwislamu. Nisipolisema hilo ushuhuda wangu utakuwa uongo.

Nikalazwa hospitali, mkono umefungwa plasta. Wodi ile ile walilazwa mabeki wangu wawili, wametundikiwa maji, hawawezi hata kunitukana vizuri. Muuguzi mmoja alikuja na beseni, akatutazama.

"Mlikula nini nyinyi?"

"Tumerogwa, sista," beki mmoja akasema. "Na kipa wetu."

"Timu nzima inaharisha isipokuwa kipa, na ati kipa ndiye mchawi?" Akacheka. "Mchawi gani huyu amevunjwa mkono na watu wa kuharisha? Mlikunywa nini?"

Wakageukia ukutani. Lakini swali lile liliingia ndani yangu, likakaa.

Kesho yake Mwenyekiti alikuja kunitazama. Alileta maziwa na mkate. Alinishika mkono mzima akasema, "Pole, kijana wangu. Uchawi ni kitu kibaya sana." Machozi yalimtoka. Nikambusu mkono! Ndugu zangu, nilimbusu mkono. Mpaka leo nikikumbuka nataka kuosha mdomo.

Baada ya siku chache nikaitwa mbele ya kamati ya ligi, plasta mkononi. Hawakuniuliza chochote. Walinisomea kwamba nimeihujumu timu yangu na nimefungiwa maisha. Palikuwa na daktari mgeni pale hospitalini, mzungu kijana, nikamweleza. Akaniambia kwao Marekani wana mchezo wa kupiga mpira kwa rungu, besiboli, na kwamba zamani wachezaji waliouza mechi kwa wacheza kamari walifungiwa maisha, hata waliokuwa hodari kuliko wote. Nikamuuliza, "Na waliouzwa bila kujua, kwenu wanafanywa nini?" Huko waliuza, wakafungiwa. Huku niliuzwa, nikafungiwa!

Nilipotoka hospitali nilianza kuuliza, taratibu, mtu mmoja mmoja. Nilianza na Barasa, fundi viatu. Nilimkuta anashona kiatu kwa hasira.

"Usinikaribie," akasema. "Wewe umenimaliza. Nimelipa watu mpaka cherehani imeenda."

"Nani alikuwekea Bungoma?"

"Si dereva wa bosi wenu! Mapumziko, mkiwa mnaongoza. Nikamcheka. Nikamwambia, wewe unatupa pesa. Akaniambia, 'Barasa, andika tu.' Nani anawekea timu inayofungwa, mapumziko, kitita kama kile? Nilifikiri amelewa."

Nikakaa chini kwenye kibao chake. Kila kitu kilijipanga. Mechi ndogo, dawa ya maji matupu, ili tuamini. Mechi kubwa, dawa ya kweli, ili tuuzwe. Na sikilizeni ujanja wake! Mchezaji aliyenunuliwa anaweza kulewa akasema. Anaweza kutubu. Lakini mchezaji aliyenyweshwa hajui kitu. Ataapa kwa jina la mama yake kwamba alicheza kwa moyo wake wote, na hatakuwa anadanganya. Hivyo ndivyo tulivyouzwa. Tuliuzwa kama ng'ombe, na ng'ombe walijifunga kamba wenyewe shingoni!

Nikachukua panga. Nililifunga ndani ya gunia, nikaenda Malakisi. Nekesa alinisihi. Mama Zuhura alinisihi, akaniambia, "Mwanangu, hasira ni haki yako, lakini damu si yako." Sikumsikia mtu. Nilitaka nianze kwa mganga, kisha nirudi kwa Mwenyekiti. Nilikuwa nimeshaamua ni mlango upi nitaingilia.

Ndugu zangu, nilimkuta mganga mwenyewe si jini wala chui. Ni mzee mkulima wa tumbaku, anatoka kwenye banda la kukaushia, viganja vyeusi kwa utomvu. Mkewe alikuwa ameshanikaribisha, ameniwekea ugali na mboga ya majani bila hata kuuliza natoka wapi, kama akina mama wa kwetu wanavyofanya. Mzee aliutazama mkono wangu, kisha akalitazama gunia.

"Wewe ndiye kipa," akasema.

"Ndiyo. Ulituroga kwa nini?"

"Mimi siwezi kuroga hata kuku, mwanangu. Mimi ni mtu wa kuchemsha. Mtu akiniagiza dawa ya kukaza mwili, nachemsha. Akiniagiza ya kufungua tumbo, nachemsha. Bosi wenu aliagiza ya kufungua. Sikumuuliza ni ya ng'ombe au ya watu."

Alisema hivyo huku ananawa mikono! Kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu!

Nikaingiza mkono ndani ya gunia, nikashika panga, nikasimama. Na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipokutana nami! Vidole havikufunga. Ule mkono wa kulia, mkono ambao bakoki alikuwa ameusaga kwa kisigino, ulikataa kukunjika. Niliulazimisha. Panga likaponyoka, likaanguka kando ya sahani ya ugali. Sote watatu tukalitazama.

Yule mama aliinama, akaliokota, akatoka nalo nje. Nikasikia linakata. Akarudi na mzigo wa majani ya ndama kwapani, akaliegemeza panga ukutani karibu nami.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Panga yako ni kali. Yetu imekufa makali. Kula, ugali unapoa."

Nikalia. Nililia kama mtoto, mbele ya mtu niliyekuja kumwua. Nilitoka pale, nikapiga magoti kati ya matuta ya tumbaku, nikamwambia Yesu, "Nimeona. Ulivunja mkono huu mapema kwa sababu ulijua nitaupeleka wapi. Nichukue." Naye akanichukua! Mkono niliokuwa naulilia kila siku ndio ulioniokoa nisiwe muuaji. Leo ningekuwa jela, na huyu mtoto angezaliwa mimi nikiwa ndani. Bwana apewe sifa!

Sasa kuna watu wananiambia, "Ndugu Wafula, umeokoka, mbona bado una hasira?" Niwajibu mara moja ili msiniulize tena. Wokovu haukuniondolea hasira. Wokovu uliniondolea panga. Mungu wangu anachukia mizani ya uongo, na mimi nachukia pamoja naye. Mpira ukishauzwa, hata goli la kweli linakuwa la uongo. Vijana wanajikamua jasho, akina mama wanaacha vibanda kuja kushangilia, na mtu mmoja chini ya mikaratusi anajua mwisho kabla ya mwanzo! Nisikasirike? Nilikwenda kwenye kamati ya ligi bila panga. Wakasema, "Mlete mganga aseme." Nikamfuata mganga. Akasema, "Nikisema, nani atanipa kazi tena?" Nikamwomba Barasa. Akasema akikiri kwamba anashika dau atafungwa yeye. Kwa hiyo mpaka leo nimefungiwa, na Mwenyekiti bado ni Mwenyekiti.

Namshukuru Mungu kwa uhai. Namshukuru kwa Nekesa, na kwa Mama Zuhura aliyetuweka mpaka tukapata chumba. Kama uko hapa na umesingiziwa, kama umebeba kitu ndani ya gunia unapeleka kwa mtu, njoo ukiweke hapa mbele. Usiogope. Yeye anayejua kilichokuwa ndani ya kikombe anakujua na wewe.

Neno la mwisho, na hili nalisema kwa vijana wa timu mliokaa nyuma, kwa sababu najua mlikuja. Mnacheza Bungoma Jumamosi, na mkishinda mtapanda daraja. Ijumaa iliyopita mtungi wa manjano ulishushwa ghalani kutoka kwenye gari la Mwenyekiti. Nimeuona kwa macho yangu, kwa sababu bado nabeba magunia pale kwa bega la kushoto. Kikombe kitaanza kwa nahodha, kama desturi.

Bakoki, nimekutazama tangu nianze kusema. Nimekusamehe mkono huu, na Mungu ni shahidi wangu. Sikuulizi habari ya mkono. Nimekuuliza jambo moja tu leo asubuhi pale mlangoni, utakunywa au utamwaga, na bado hujanijibu.